Shingo ya Kijiko Isiyokaa Juu

Trekta letu lilikuwa na tatizo moja tu, na tatizo lenyewe hata mtoto angeweza kulieleza. Ukiinyanyua ile shingo ndefu ya chuma iliyobeba kijiko cha kuchimbia, haikai juu. Inashuka. Haianguki kwa kishindo, inashuka taratibu kama mtu anayesinzia kwenye kiti, na ukigeuka kumimina chai, ukirudisha macho unakuta kijiko kimeshafika chini. Kulieleza ilikuwa rahisi. Kulielewa ndiko kulikotutoa jasho, na nikikumbuka siku zile, kitu cha kwanza kinachonijia si hofu wala hasira, ni kule kuchanganyikiwa, kule kusimama juani mbele ya kitu unachokiona kwa macho yako yote mawili na bado hujui unaona nini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Dodoma yaliyokuwa na viberiti na sabuni ya mche yalijaa ghafla redio, baiskeli za gia na sweta za mitumba, na wakati huohuo mashirika yaliyotulea yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Kila kitu kiliruhusiwa, ila hakuna aliyetwambia kinatumikaje. Kaka yangu alikuwa dereva wa mitambo katika shirika la ujenzi la serikali. Alichimba mitaro na mabwawa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, hadi siku walipopunguzwa yeye na wenzake na kurudishwa nyumbani kwa asante. Alikaa kibarazani kwetu, mtaa wa Kikuyu pale Dodoma, wiki kadhaa akiangalia barabara. Kisha akasema atanunua mtambo wake mwenyewe.

Aliongeza kiinua mgongo chake kwenye fedha za kiwanja changu cha Msalato, ambacho wakati huo kilikuwa pori la miiba na watu walinicheka kwa kukinunua, wakanicheka tena kwa kukiuza. Akaenda Dar es Salaam, akarudi na trekta dogo lililotumika, limetoka Japani, lina kijiko nyuma. Kimo chake kilinifika begani. Jirani yetu alikuja kulitazama akauliza kama likikua litakuwa trekta kamili. Kaka hakucheka. Kila mahali kwenye lile trekta palibandikwa maelezo kwa maandishi ambayo hakuna mtu mkoani mwetu aliyeweza kuyasoma, na karibu na vile vijiti vya kuongozea shingo, ambavyo kaka aliviita liva, palikuwa na picha nyekundu ya mtu anayeonywa jambo fulani. Anaonywa nini, mpaka leo sijui.

Kuna desturi moja ya shirika ambayo kaka hakuiacha alipoondoka. Kule kwao mashine ilikuwa na dereva wake mmoja. Aliyeandikiwa mashine ndiye anayekaa kitini, ndiye anayegusa liva, na mtu mwingine akipanda, hata awe bosi, ni ugomvi wa kufika ofisini. Desturi ya pili: dereva hashuki kabla hajalaza kijiko chini. Hata akishuka kwenda haja ndogo, kwanza kijiko kikae ardhini. Kaka alizishika desturi hizo mbili kama anavyoshika udhu. Mimi niliyetoa kiwanja kizima sikuwahi kukalia kile kiti, na nilipojaribu siku moja kukifuta vumbi alinitazama kana kwamba nimemfungulia sanduku lake la nguo.

Kazi yetu ya kwanza ya maana tuliipata Mlali. Kamati ya kijiji ilitaka lambo, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya mvua, ng'ombe wanywe na watu wachote kiangazi kikikaza. Sharti lilikuwa moja: lambo likamilike kabla ya mvua za kwanza. Mvua za kwetu hazibembelezwi. Zikija zinakuja kwa siku chache, zinapita na kwenda zake, na kama shimo halijawa tayari, maji yote yanateremka korongoni na kijiji kinasubiri mwaka mwingine. Tukahamia Mlali na turubai letu, kaka akichimba na mimi nikipika na kusimamia vibarua waliosafisha kingo kwa majembe.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri hadi nikaanza kuwadharau walionicheka. Kisha shingo ikaanza kushuka.

Mara ya kwanza tulidhani ni macho. Mara ya pili kaka alisema mafuta yamepata joto. Mara ya tatu kibarua mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameinama shimoni anakwangua udongo, kijiko kimetundikwa juu nyuma yake, na kaka amekaa kitini anamsubiri amalize. Nikaona kijiko kinamshukia mgongoni polepole. Nilipiga yowe. Yule mzee aliruka pembeni, kijiko kikagusa ardhi pale alipokuwa, na yeye akasimama anatazama alama ya miguu yake ikiwa chini ya chuma.

Jioni mwenyekiti wa kamati akaja turubaini. Alikuwa Mgogo mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kupima kila neno.

"Mbukwenyi," alisalimu, tukaitikia. Akakaa. "Sisi hatukufukuzi, bwana. Lakini mashine hii inataka kutuulia mtu. Tengeneza kwanza. Ukishindwa, useme mapema, tutafute mwingine wakati mawingu bado yako mbali."

Alipoondoka kaka alinitazama. "Wakitafuta mwingine, mimi basi," alisema. "Nani atanipa kazi tena? Mtu wa umri wangu na mashine mbovu?" Nilikuwa naogopa pia, kwa ajili yake na kwa ajili ya kiwanja changu, na sitajifanya kwamba kiwanja nilikisahau.

Fundi tulimtoa mjini. Alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa pale Dodoma, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara, na alikuwa na karakana ya malori nyuma ya soko. Alishuka kwenye basi na sanduku la spana, akavaa ovaroli juu ya shati lililopigwa pasi, akalizunguka trekta mara moja na kutoa hukumu kabla sijampa maji ya kunywa.

"Silinda," alisema.

Silinda ni lile bomba nene la chuma linalosukuma shingo. Ndani yake kuna pistoni, na pistoni imevishwa mpira mgumu wanaouita sili. Mafuta yakisukumwa upande mmoja, pistoni inakwenda, shingo inapanda. Fundi alitueleza kwamba sili ikilika, mafuta yanapenya pembeni ya pistoni kwenda upande wa pili, na hapo mzigo unashuka wenyewe. Niliuona ukweli wake papo hapo. Wanakijiji waliokuja kutazama nao waliuona, kwa sababu kisima chao kilikuwa na pampu ya mkono, na kila mwanamke pale alijua kwamba maji yakianza kurudi chini kabla hayajatoka mdomoni mwa bomba, ile ngozi ya ndani imekwisha.

"Ngozi hiyo!" walisema wote kwa pamoja.

Mtunza pampu wa kijiji alikwenda nyumbani mbio akarudi na kipande cha ngozi ya ng'ombe kilicholoweshwa mafuta, amekikata mviringo kama vile anavyokata vya kisima, akakikabidhi kwa heshima zote. Fundi alikipokea kwa ncha za vidole. Kaka akaniambia pembeni, "Nimeendesha mitambo ya serikali miaka yote, leo nivishwe ngozi ya ng'ombe!" Huo ndio wakati wa mwisho kabisa tulipocheka katika shauri hili.

Walifungua silinda chini ya turubai, pande zote tumening'iniza khanga zangu kuzuia vumbi, na upepo wa Mlali haukujali khanga za mtu. Pistoni ikatoka inang'aa. Fundi akaigeuza, akaipangusa, akainusa hata. Akapitisha kidole ndani ya bomba kutafuta mkwaruzo. Sili ilikuwa nzima. Nilimwona uso wake. Alitarajia kukuta kitu kilichochanika na badala yake ameshika kitu kizima, na sasa hajui akiweke wapi.

"Imechoka," alisema hatimaye.

"Imechokaje? Mbona naiona nzima?" niliuliza.

"Kuchoka hakuonekani, mama."

Akaweka sili mpya aliyokuja nayo, kwa sababu fundi aliyefungua kitu akakifunga bila kubadilisha chochote anajisikia vibaya. Wakafunga, wakajaza mafuta, kaka akapanda kitini, akanyanyua. Shingo ikapanda vizuri. Tukasimama wote tunaitazama. Ikashuka.

Kesho yake ndipo fundi alipofanya jambo ambalo, nilipolielewa, lilinipandisha hasira. Alimwambia kaka aisukume silinda hadi mwisho kabisa wa safari yake. Kisha akafungua mpira wa kupitishia mafuta wa upande wa pili, ule ambao kwa wakati huo haukuwa na kazi, akaacha tundu wazi, akasema, "Sukuma tena." Alikuwa na maana kwamba kama sili inavujisha, mafuta yatapita pembeni ya pistoni na kutokea pale kwenye tundu. Kaka akasukuma. Injini ikaguna. Tundu likadondosha matone machache yaliyobaki, kisha likakauka. Hakuna kilichopita.

"Kwa hiyo silinda ni nzima," nilisema.

"Ni nzima."

"Na jana ungefanya hivi kabla ya kufungua, ungeona ni nzima?"

Fundi akakohoa. "Ningeona."

Nilimpasha. Nilimwambia habari za khanga zangu zilizolowa oili, na za mawingu, na kwamba hata mimi mpika ugali naangalia kama sufuria limetoboka kabla ya kulipeleka kwa mhunzi. Kaka akaniomba ninyamaze kwa sababu fundi akiondoka tumekwisha. Nikanyamaza, lakini kwa kuuma meno.

Fundi akahamia kwenye valvu. Valvu ni kile kizibo kilicho chini ya liva, kinachofungua na kufunga njia za mafuta. Liva ikiachwa katikati, njia zote zinafungwa na shingo inapaswa kutulia hapohapo. Akakifungua, akakiosha kwa petroli, akakitazama juani kwa jicho moja. Kizima. Akakifunga. Kaka akapanda, akanyanyua, shingo ikakaa kitambo. Mtunza pampu akaanza kupiga makofi. Ikashuka.

Hapo kila mtu akawa na lake. Mmoja alisema mafuta tuliyonunua mjini yamechanganywa. Mwingine akasema trekta lilizoea baridi ya kwao. Mama mmoja aliniita faragha akaniuliza kama tulichinja chochote kabla ya kuchimba, na kwa namna nilivyokuwa nimechanganyikiwa, nilimjibu kwamba nitamuuliza kaka. Fundi alikuwa ameacha kutoa hukumu. Alikuwa anakaa juu ya sanduku lake la spana ameshika tama, na mara nyingine akimwambia kaka, "Nyanyua tena nione," kaka ananyanyua, fundi anatazama, na hakuna anachoona. Nilianza kumhurumia. Kosa tulikuwa tunalitazama mchana kutwa na lilikuwa halijifichi hata kidogo, linajirudia mbele yetu kila tukiliomba, na bado kila tulichofungua kilikuwa kizima. Usiku nililala nikijiuliza kitu kinawezaje kuwa kizima kote na kibovu kwa pamoja.

Ijumaa ikafika. Asubuhi fundi alitaka kukaza mipira ya mafuta iliyo chini ya shingo, na kwa kuwa hakuna aliyeiamini tena ile shingo, vibarua walisimamisha magogo mawili chini ya kijiko ili kikishuka kikutane nayo kabla ya kumfika yeye. Baina ya magogo na kijiko iliachwa nafasi ya kupenyeza kiganja. Kaka alikaa kitini muda mfupi tu, akazima injini, akashuka kumshikia fundi spana. Ndiyo kwanza wakawa katikati ya kazi, wakasikia watu wa njiani wakisema khatibu ameshafika. Msikiti ulikuwa kule kwenye maduka, mbali kidogo. Walinawa oili kwa mchanga na sabuni, wakachukua baiskeli mbili na kwenda mbio, hata ile desturi ya kulaza kijiko kaka hakuikumbuka, au aliona magogo yanatosha.

"Usiguse kitu," aliniambia.

"Niguse nini mimi?"

Vibarua nao wakaenda makwao kula, nikabaki peke yangu na trekta. Niliswali adhuhuri yangu turubaini, nikaweka maharage motoni, nikakaa kwenye kigoda nikitazama ile nafasi ya kiganja. Nilikuwa nasubiri kijiko kikalie magogo. Nilikuwa na hakika kama ninavyokuwa na hakika ya jua kuzama. Nilichotaka kujua ni kitachukua muda gani. Maharage yalichemka. Kijiko kilikuwa palepale. Nikaenda nikapenyeza kiganja, kikapita. Nikaongeza maji kwenye maharage, nikarudi, kikapita tena. Jua lilihama, kivuli cha shingo kikasogea juu ya udongo mwekundu, lakini shingo yenyewe haikusogea hata unywele.

Mngedhani nilifurahi. Sikufurahi, nilichanganyikiwa zaidi. Nilifikiri labda fundi ameitengeneza bila kujua. Nikafikiri labda ni ile mipira aliyokaza. Nikafikiri hata labda ni baraka ya Ijumaa, na nikaona haya peke yangu.

Waliporudi niliwapungia mkono wakiwa bado mbali. "Haijashuka!" nilipiga kelele. "Tangu mmeondoka, haijashuka!"

Fundi alitupa baiskeli chini akapenyeza kiganja chake mwenyewe. Akapenyeza mara mbili. Uso wake wote ukang'aa. Akaniamkia kwa furaha kana kwamba tumeonana sasa hivi tu, akamshika kaka begani na kusema alijua, mpira ulikuwa unapitisha hewa, alijua tangu asubuhi. Kaka alimshukuru Mungu kwa sauti. Akapanda kitini haraka na kanzu yake, akaikunja magotini, akawasha injini na kunyanyua shingo juu zaidi ili vibarua, ambao nao walikuwa wamerudi, waondoe magogo. Wakayaondoa. Akazima injini. Kukawa kimya.

Ikashuka.

Fundi alisema neno ambalo mtu aliyetoka msikitini hasemi. Aliinama palepale akaanza kukagua mipira mmoja mmoja, vibarua nao wakainama, wote macho kwenye silinda. Mimi nilikuwa nimeitazama ile silinda siku nzima na nilikuwa nimeichoka. Kwa hiyo nilimtazama kaka. Nilitaka kuona amelipokeaje.

Alikuwa ameegemea mbele, anatazama kijiko kinavyoshuka kwa uso wa mtu aliyekata tamaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa kifuani. Wa kushoto ulikuwa juu ya liva. Haukuishika, ulikuwa umeilalia tu, mzito, vidole vimelegea, na liva ilikuwa imelala kidogo mbele kwa uzito wa mkono.

Nilisogea karibu na kiti. Sikutaka wengine wasikie, ingawa sikujua bado kwa nini sitaki wasikie.

"Kaka, toa mkono kwenye liva."

Hakunigeukia. "Nimeshautoa," alisema.

Nilifikiri ananitania, kisha nikakumbuka kwamba kaka hatanii juu ya mashine. Nikamwambia tena. Akasema kwa kukereka, "Nimeshautoa, mama wee, tangu nilipozima injini." Na kijiko kinashuka, na mkono uko palepale mbele ya macho yangu.

Nilijinyoosha nikaushika kifundo, nikaunyanyua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na wa baridi, na haukunisaidia hata kidogo. Nikauweka juu ya goti lake. Shingo ikasimama hapohapo hewani.

Kaka aliitazama shingo kwanza. Kisha akatazama chini, kwenye goti, akaona mkono wake umefika pale na mimi bado nimeushika. Hakuwa amehisi nikiushika. Niliona anavyojaribu kukunja vidole. Viwili vilikunjika, vingine vilichelewa. Nikatamani kwa dhati kabisa iwe sili, iwe valvu, iwe hata yale ya yule mama wa kuchinja. Ningeuza kiwanja kingine kama ningekuwa nacho.

"Tangu lini?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui."

Fundi alitoka chini ya shingo anajifuta mavumbi, anaitazama jinsi ilivyotulia, anazunguka, anaisukuma kwa bega. Ilikuwa imara kama nyumba. "Imekaa!" alisema. "Sasa mmefanya nini? Mzee, umegusa nini? Ubovu ulikuwa wapi?"

Kaka aliuchukua ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia akauweka ndani ya mkunjo wa kanzu. Akateremka kwenye kiti upande wangu, ameniegemea begani, na kijiko kimebaki juu.

"Funga spana zako, fundi," alisema. "Mashine ni nzima."